Foleni ya Tunduma na elektroni za shaba



Ukikaa Tunduma wiki moja tu, utalijua neno foleni. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo yakijipanga upande wa Nakonde, madereva wanapika ugali chini ya trela na kusubiri. Mimi kazi yangu gazetini ni kuripoti malori na ushuru. Juzi nikajiuliza: hiyo shaba yenyewe ina nini?

Kumbe ina makubwa. Ichanganye inavyotakiwa na oksijeni na lanthanamu (madini adimu yaliyomo hata kwenye mlima wetu wa Ngualla, hapa hapa Mkoa wa Songwe). Unapata kitu cha matabaka, kama chapati zilizopangwa. Kwa hesabu za kawaida umeme ungepita humo. Haupiti! Kila atomu ya shaba ina elektroni moja isiyo na mwenza, na elektroni hazipendani. Hakuna inayosogea, maana kwa jirani kumejaa. Foleni kamili! Tena kila elektroni ni kisumaku: huyu akitazama juu, jirani anatazama chini. Zinafutana, msumari haunasi.

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, kwenye maabara ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, waliondoa lanthanamu kidogo wakaweka bariamu. Ni kama kutoa malori machache kwenye foleni. Nafasi zikapatikana, mpangilio wa visumaku ukavurugika, na kwenye baridi ya kama nyuzi 238 chini ya sifuri umeme ukapita bila upinzani wowote. Mwaka 1987 wakapewa Nobel.

Ila kwa nini elektroni zinazokimbiana zianze kutembea mbili mbili? Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana. Wengi wanashuku ule ule usumaku.

Hapo ndipo paliponigusa. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, wakati wa kuchagua masomo. Wenzake wanaacha Fizikia: eti kila kitu Wazungu walishagundua, bora kubadilisha kwacha mpakani. Kwacha inalipa leo, sibishi. Lakini hilo la "walishagundua" si kweli. Swali bado liko wazi, na shaba yake inapita mlangoni kwetu kwa tani. Tunaihesabu, tunaigongea muhuri, tunaiaga.

Nani kati yetu ataiuliza?