Panya na Silabi Zake

Siku ya kwanza sikuona panya hata mmoja. Niliona barabara pana za Palo Alto, baiskeli tele, na majengo ya Chuo Kikuu cha Stanford yenye vigae vyekundu, nikajiona kama niko kwenye misheni ya kale.

Siku ya pili nikapelekwa maabara inayochunguza kifafa kwa panya. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza kutoka Mahenge, na kwetu kifafa si neno geni. Daktari Louise Jilek-Aall alitufungulia kliniki yake miaka ya 1960. Nilijiandaa kuona nyaya vichwani mwa panya, na watu waliokesha wakiwavizia. Nikakuta ndoo nyeusi, kubwa kama ya pombe ya msibani, na panya mmoja anazunguka ndani.

“Tunasubiri aanguke?” nikauliza.

Mwenyeji wangu akatabasamu. “Huyu hatumsubiri.”

Kamera ya juu ya ndoo inapima umbali, kwa hiyo hata gizani mgongo wa panya huonekana kama kilima kinachotembea. Kompyuta haikuambiwa kunusa ni nini wala kugeuka ni nini. Inajitafutia yenyewe vijitendo vinavyojirudia, kila kimoja kama theluthi ya sekunde, kisha inaangalia kipi hufuata kipi. Wanaviita silabi. Nilicheka kwa sauti. Nimevuka bahari kuja kusikia ba, be, bi, bo, bu!

Programu hiyo, MoSeq, ilitoka Harvard mwaka 2015. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford wakaonyesha kuwa saa moja ya video yaitosha mashine kumtenga panya mwenye kifafa na mzima, bila yeyote kuanguka, tena kwa usahihi zaidi kuliko macho ya wataalamu. Kwetu mgonjwa hujulikana povu likishamtoka, na watu wakishakimbia.

Wakanipa video mbili nibahatishe mgonjwa ni yupi. Nilimchagua aliyekuwa akihangaika. Nikakosea, mgonjwa alikuwa yule mtulivu, niliyemwona ana adabu.

Usiku nikampigia mama. Mdogo wangu ana kifafa, na asubuhi nyingine mama humzuia asiende kisimani: “Leo hatembei kama jana.” Mara nyingi jioni haifiki kabla hajaanguka. Nikamweleza habari za ndoo, kamera na silabi. Akanyamaza kidogo.

“Kwani huyo panya,” akauliza, “hana mama?”