Waya, projekta na sitara ya bi harusi: tuliyoyaona Iringa na Mbeya



Leo tuweke pembeni gauni, piko na udi, tuzungumze habari za waya. Msicheke. Harusi za siku hizi hazikosi skrini. Wanaume wako upande wao na khutba ya nikaha, sisi tuko upande wetu, na tunataka kuona na kusikia mtoto wetu anavyoozwa, si kuletewa habari mlangoni kwamba "tayari". Nikaha ikisha inakuja zamu yetu wenyewe: picha za singo, picha za hina, bi harusi bila ya mtandio, furaha ya wanawake kwa wanawake. Yote hayo yanapita kwenye kompyuta moja na waya mmoja, na mara nyingi anayeushika waya huo ni kijana wa ukumbi tusiyemjua.

Sisi tunaoandika ni watatu: somo, mama mdogo na dada mtu. Watoto wetu wawili wameolewa Nyanda za Juu Kusini, mmoja Iringa na mwengine Mbeya, na safari zote mbili tulikwenda pamoja. Boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi kutwa nzima: Morogoro, Mikumi, halafu mlima Kitonga na kona zake, ambazo mama mdogo huzipita kwa Ayatul Kursiy huku kafumba macho.

Iringa tulipokewa vizuri mno. "Kamwene" kila mlango, chai ya maziwa, mablangeti mawili mawili. Ukumbi ulikuwa na vyumba viwili, wanaume kimoja na wanawake kimoja, na kila chumba kimetundikwa televisheni kubwa ukutani. Nikaha ilipita salama na tuliona kila kitu. Wanaume wakaletewa pilau. Huku kwetu kijana wa ukumbi akabisha mlango, akauliza bila ya kuchungulia, adabu anayo, kama picha za wanawake zianze. Wenyeji wakamwambia aanze.

Zilikuwa zimepita picha tano au sita. Mtoto wa miaka saba hivi akaja mbio kutoka kwa wanaume, akamwambia bibi yake kwa furaha: "Bibi, hata sisi kule tunamwona bi harusi!"

Chumba kizima kikanyamaza. Dada mtu akaruka akachomoa waya nyuma ya televisheni yetu, lakini kuchomoa huku hakukuzima kule. Ikabidi shemeji apigiwe simu, naye akaizima ya kule kwenye soketi. Zilikuwa dakika chache. Bi harusi aliambiwa siku ya tatu, akalia. Mumewe, Allah amlipe kheri, alimwambia kwamba wengi walikuwa wameinamia sahani zao. Labda. Wapo pia waliotazama, na aliyekwisha kuona hawezi kuambiwa asahau.

Kilichotokea si kigumu kukielewa. Kompyuta ilikuwa moja, na mbele yake kilikuwepo kisanduku kidogo kinachoitwa splita: picha inaingia kwa tundu moja la HDMI na kutoka kwa matundu mawili. Splita haina akili ya kuchagua. Inachopewa inakipeleka kote sawasawa mpaka mtu achomoe waya unaotoka humo. Kwa khutba, ambayo pande zote mbili zinataka kuiona, hakuna kifaa kizuri kuliko hicho. Kwa picha zetu ni balaa.

Kwa hiyo ukienda kukagua ukumbi usiishie kwenye viti na mapambo. Uliza: skrini ya wanaume na ya wanawake zinatumia kompyuta moja au mbili? Wakikujibu moja, ufuate waya kwa macho yako kutoka kwenye kompyuta mpaka ukutani, na uambiwe ni nani atakayechomoa upande wa wanaume na saa ngapi. "Usijali dada, nitazima" si jawabu. Kijana ana harusi mbili siku hiyo na hajala tangu asubuhi.

Ilipofika Mbeya tukakata shauri: mashine zetu, mikono yetu. Tulikuwa na sababu nyengine pia, na kila mwanamke anaijua. Fundi wa kiume akiitwa ndani, wanawake mia wanaanza kutafuta mabuibui yao, watoto wanalia, naye mwenyewe kaona haya, anafanya kazi ya kulipua ili atoke. Hakuna anayepata raha, na skrini bado haionyeshi.

Tulibeba kompyuta mpakato ya dada mtu na projekta ya madrasa ya mtaani kwetu, ambayo Unguja haijawahi kutuangusha. Jioni ya kuamkia harusi tukaijaribu. Baada ya dakika ishirini feni ikaanza kuvuma, taa nyekundu ya joto ikawaka, projekta ikazimika. Tukaiacha ipoe, tukaiwasha, ikazimika tena. Mawifi wa Mbeya wakashangaa: joto gani hilo, na sote humu tumejifunga mablangeti? Usiku wa Juni kule si mchezo.

Jawabu lilikuwemo kwenye menyu ya projekta yenyewe. Projekta hupoozwa kwa hewa inayopulizwa na feni. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu Forodhani kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Feni inazunguka mwendo ule ule lakini hewa ya kubeba joto ni pungufu, kwa hiyo taa ya ndani inapata moto kupita kiasi hata kama nje mtu anatetemeka. Watengenezaji wanalijua hili, na projekta nyingi zimewekewa mpangilio wa maeneo ya mwinuko, aghalabu wa kutumika kuanzia mita 1,500 hivi. Ukiuwasha, feni huzunguka kwa kasi zaidi. Iringa nako kumepita kiwango hicho, ila kule zilikuwa televisheni, ambazo hazina taa kali kama hiyo ya kupoozwa. Somo, ambaye watu humjua kwa singo na liwa tu, alishika rimoti akazama kwenye mipangilio mpaka akaupata. Kelele ziliongezeka kidogo, lakini projekta ilikaa saa tatu bila ya kuzimika. Anayepeleka projekta ya pwani Mbeya, Njombe au hata Nairobi, alikumbuke hilo kabla hajamtukana aliyemwazima.

Asubuhi yake tukakutana na ule ukuta wa buluu usio na picha. Mwendo wetu ni huu: kwanza rimoti, kuhakikisha projekta inasikiliza tundu lile ambalo waya umeingia, kwa sababu HDMI ya kwanza na ya pili ni milango miwili tofauti. Kisha waya wenyewe, ncha zote mbili, kuchomoa na kuchomeka mpaka uingie sawasawa. Kisha kompyuta. Ikikataa bado, punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya skrini, maana projekta za zamani hushindwa na picha kubwa za kompyuta mpya. Kwetu lilikuwa la kwanza: mtoto alichezea rimoti usiku.

Tukiwa kwenye matundu, tahadharini na mambo mawili. Kompyuta nyingi mpya zina matundu madogo ya USB-C tu, na si kila USB-C inatoa picha. Mengine ni ya chaji na mafaili, na kwa nje yanafanana kama mapacha. Na projekta kongwe zina VGA, ile plagi ya pini 15 yenye skrubu mbili, iliyoanza mwaka 1987. VGA haibebi sauti hata chembe, na kuifikia kutoka HDMI kunataka adapta yenye kigeuzi ndani yake, si kipande cha waya cha bei ya karanga.

Sasa njoo kwenye sitara. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Utaletewa njia nne: skrini ya kompyuta peke yake, nakala, kupanua, au skrini ya pili peke yake. Mafundi wengi huweka nakala kwa kuwa ni rahisi, kila kilichopo kwenye kompyuta kiko ukutani. Maana yake ukifungua folda kutafuta picha moja, ukumbi mzima unatafuta pamoja nawe, na ujumbe ukiingia wote wanausoma. Kupanua ni kama kuwa na ukumbi na chumba cha ndani. Unafungua na kuchagua ukiwa chumbani, na kinachotoka ni kile tu ulichokivuta wewe kukipeleka upande wa pili. Sisi tulitumia kupanua, na milio na taarifa za ujumbe tukazizima zote. Kipanya cha waya pia kilitufaa sana, kwa sababu kioo cha kugusa hakisikii kidole chenye glavu ya sufi, na saa moja asubuhi Mbeya hakuna aliyekuwa tayari kuivua yake.

Nikaha ilikuwa kwenye hema la wanaume, ng'ambo ya uwanja. HDMI ya kawaida ikipita mita 15 hivi picha huanza kukatika, kwa hiyo hatukuvuta waya. Mdogo wake bwana harusi aliweka simu juu ya kigoda mbele ya sheikh, akapiga simu ya video kwenye kompyuta yetu. Uzuri wake ni kwamba hakuna waya unaounganisha pande mbili. Hatari yake ni kwamba simu ya video inaona huku na huku: tunawaona, nao wanatuona. Kabla ya kupokea tuliiziba kamera ya kompyuta kwa plasta ya kidonda, na maikrofoni tukaizima. Kitufe cha kuzima kamera kipo, lakini plasta kila mmoja anaiona imekaa.

Sauti ndiyo iliyotutoa jasho. Kompyuta ikishaunganishwa kwa HDMI mara nyingi huipeleka sauti kwenye kispika kidogo cha projekta, na wanawake mia wakizungumza husikii kitu. Bonyeza alama ya spika pembeni ya skrini, uchague sauti itokee wapi. Sisi tulipitisha waya mpaka kwenye spika kubwa, tukaiacha Bluetooth kwa sababu huchelewesha sauti ikapishana na mdomo.

Asubuhi hiyo walii alikuwa amekuja mlangoni na mashahidi kumuuliza bi harusi ridhaa yake. Wakati wa nikaha tulimkalisha mbele ya skrini. Hema lilikuwa karibu, na sauti ya sheikh ilivuka uwanja kabla ya kufika kwenye spika, maana picha ya mtandao huja nyuma. Tukamsikia bwana harusi anasema "nimekubali", hafifu, kupitia dirishani. Mama mdogo akaanza kigelegele. Bi harusi akamshika mkono: "Ngoja Mama mdogo, nataka kumwona akisema." Tukanyamaza sote. Kisha mdomo ukasogea ukutani, akasema, na vigelegele vikapigwa upya.

Zamu ya picha ilipofika hakuvua mtandio. Habari za Iringa alikuwa anazijua, yule ni binti ya shangazi yake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mmehakikisha?" Dada mtu hakumjibu. Alimchukua akampitisha nyuma ya meza, simu ya video imeshakatwa, akamwonyesha waya mmoja wa mita tatu kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye projekta, na hakuna mwengine wowote. Akauinua kwa mkono wake mwenye piko, akaufuata mpaka mwisho. Kisha akarudi kitini, akavua.

Umeme ulikatika mara moja katikati. Projekta ya taa ikizimika ghafla isiwashwe papo hapo, iache ipoe dakika kadhaa, na uwe umeshaichomoa, maana umeme hurudi kwa kishindo. Mwenyeji alikuwa na stebilaiza. Tukala wali wa mchele wa Kyela tukisubiri.

Kabla ya kuondoka tulikwenda stationari mjini kuchapisha karatasi za dua za kugawa. Karatasi zilikuwa zinaingia mbili mbili kwenye printa. Kule hewa ya kiangazi ni kavu na karatasi hushikana, tofauti na kwetu ambako hupinda kwa unyevu, na dawa yake ni kuzipepea bunda zima kabla ya kuziweka. La kushtua lilikuwa jengine. Kwenye kompyuta ya duka tuliikuta WhatsApp ya mwanamke mwengine iko wazi, picha zake na mazungumzo yake yote. Tukaiondoa bila ya kusoma. Ukichapisha dukani, usitoke kabla hujafungua simu yako kwenye vifaa vilivyounganishwa na kuitoa ile kompyuta, na faili lako likafutwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la taka pia.

Na projekta ikirudi madrasa, zimeni ule mpangilio wa mwinuko. Kwa Unguja feni itavuma bure na watoto hawatamsikia mwalimu.