La ya Sista

Kilikuwa chuma chenye meno mawili, mfano wa uma mdogo, na Sista alikiweka kwenye mfuko wa aproni pamoja na rozari yake. Kila asubuhi, kabla hata hatujaketi, swali lilikuwa lile lile: "La iko wapi?" Tulitakiwa tuimbe nota ya la tuliyoamka nayo. Kila msichana akatoa ya kwake, darasa likavuma kama mzinga uliopigwa teke. Ndipo Sista alipokigonga kile chuma gotini, akakisimamisha juu ya meza, na meza yenyewe ikaimba. Mitetemo 440 kwa sekunde, alituambia. Ulaya ni hiyo hiyo, na Songea ni hiyo hiyo.

Siku ya kwanza la yangu ilikuwa juu mno, wenzangu wakacheka. Sista hakucheka. Alinishika mkono, akaubana mpini wa kile chuma kwenye mfupa nyuma ya sikio langu, nikasikia mlio ukitoka ndani ya kichwa changu mwenyewe. Nilishtuka, nikadhani kanitia kitu.

Hiyo ilikuwa Januari 1962, uhuru una mwezi mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na cheti cha darasa la nane, na miaka miwili mbele yangu ya kufanywa mwalimu wa Daraja C. Chuo kilikuwa cha wasichana, cha masista, nje kidogo ya Songea. Jina lake silitaji, maana mengine nitakayoyasema si ya kusifu, na tuliosoma pale tunajuana. Tulifundishwa hesabu, Kiswahili, malezi, kufuma na bustani, lakini muziki ndio uliokuwa na wenyewe. Tulikuwa katika nchi ya Wabenedikti. Wamonaki walikuwa Peramiho tangu 1898, masista Waafrika wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walianzishwa 1938, na kwa watu hao kuimba zaburi ni sehemu ya kazi ya siku kama kulima. Mwalimu aliyetoka chuoni bila kujua kuimba angekuwa nusu mwalimu.

Kinanda kilikuwa kimoja, cha kukanyaga, na zamu zetu ziliandikwa ukutani: dakika ishirini kila mtu. Juni na Julai Songea ina baridi ya kukereketa, vidole vinakuwa kama vijiti, nasi tulivipasha moto kwa kukalia mikono. Masika mbao zilivimba, na kibao kimoja, cha fa, kilikuwa kikibonyezwa hakirudi. Kinalia tu chenyewe mpaka ukiinue kwa ukucha. Mwaka wa pili panya walitoboa ngozi ya mvukuto. Kinanda kikawa kinapumua kama mgonjwa wa pumu, unakanyaga mpaka magoti yanaomba radhi na sauti hakuna. Sista alinunua ngozi ya mbuzi, akatufundisha kuikwangua na kuibandika kwa gundi aliyochemsha mwenyewe jikoni, wapishi wamekasirika kwa harufu. Kwa hiyo nikiambiwa nilisomea muziki, la kwanza ninalolikumbuka ni kuikwangua ile ngozi.

Nota tulisoma kwa namna mbili. Kanisani zilikuwa zile za mraba, juu ya mistari minne, za nyimbo za Kilatini. Darasani zilikuwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na ishara za mkono. Ngumi ni do. Kiganja bapa kimelala ni mi. Kidole gumba kinachotazama chini ni fa. Mkono unaoning'inia kama kanga iliyoanikwa ni la. Tulijizoeza tukiwa kwenye foleni ya ugali na mboga ya likolo, mmoja anaonyesha mkono bila kutoa sauti na wengine wanaimba. Baada ya muda tulisengenyana kwa ishara hizo hizo. Kila mtu alikuwa na nota yake, na mkufunzi mmoja asiyependwa tulimpa fa.

Kisha yakaja mazoezi ya kufundisha. Unaandika andalio la somo, unasimama mbele ya watoto wa darasa la pili, wakufunzi wamekaa nyuma na daftari. Sista hakujali wimbo umekwenda vizuri au vibaya. Aliangalia kitu kimoja: je, umewapa watoto sauti ya kuanzia, ukangoja mpaka wote wameishika, ndipo ukaanza? Aliyekimbilia wimbo kabla ya kutoa sauti alirudia somo lote kesho yake. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kugongagonga, kwamba anayetoa sauti ndiye mwalimu, wengine wote wanafuata. Wakati ule nililichukua kama neno la ufundi tu.

Ngoma za kwetu hazikuwamo kwenye ratiba. Lakini bwenini tulikuwa na wasichana kutoka upande wa Mbamba Bay, watu wa ziwa, nao usiku wa Jumamosi walicheza chioda. Chioda ni ngoma ya wanawake: mistari imenyooka, kiongozi na filimbi, mabega yanayozungumza. Sisi hatukuwa na filimbi wala ngoma, tulipiga debe la mafuta ya taa lililofunikwa blanketi. Usiku mmoja mlango ukafunguka, Sista huyo na taa ya chemli. Tuliganda. Badala ya kutugombeza, akatoa kile chuma mfukoni, akakigonga, akakiweka sikioni, akatuambia turudie. Tukarudia kwa hofu, nusu sauti. Akasema tena. Mara ya tatu akaondoka bila neno.

Jumatatu wimbo wetu ulikuwa ubaoni, herufi nadhifu, vipimo vimegawanywa kwa mistari. Sista akachukua fimbo, akaonyesha herufi ya kwanza, tukaanza kusoma. Haukwenda. Kila herufi ilikuwa mahali pake, lakini kilichotoka hakikuwa wimbo wetu. Kilikuwa kama mtu unayemfahamu amevaa nguo za marehemu. Yule wa Mbamba Bay aliyekuwa kiongozi wetu ndiye aliyeshindwa zaidi ya wote. Mtu mmoja akaangua kicheko, kisha sote. Sista alisimama akiutazama ubao kwa muda mrefu, akaufuta kwa kitambaa chenye maji, akafungua ukurasa wa siku ile. Chioda haikuchezwa tena bwenini. Hakuna aliyetukataza, ila tuliona haya, na mpaka leo sijajua tulimwonea haya nani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia chuoni, nami nikaligundua nikifundisha. Nyimbo nyingi za kanisa zilikuwa za Kijerumani zilizovikwa maneno ya Kiswahili. Sasa Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWAna. Lakini tuni ya Kijerumani mara nyingi inaanza kwa kurukia, nota ndogo kisha nota nzito, basi tuliimba bwaNA, baBA, miaka nenda rudi, na watoto wakadhani ndivyo Mungu anavyoitwa. Aliyelifanyia kazi jambo hili kwa kalamu alikuwa padre wa huku huku kwetu, Stephen Mbunga. Misa yake, Misa Baba Yetu, ilichapwa Peramiho, na mwaka 1963, mwaka niliomaliza chuo, kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilitoka huko Uswisi. Baadaye alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mara ya kwanza kuimba misa yake nilishangaa kuona kinywa hakichoki.

Januari 1964 nikapangiwa shule ya kijijini. Parokia nayo siitaji. Mwalimu wa kwaya alikuwa katekista, mzee mwenye moyo mwema na sikio baya. Nilijitolea kusaidia, nikajibiwa na mwenye mamlaka kwamba mwanamke hasimami mbele ya altare kupunga mkono. Basi nikakaa benchi la kwanza na wasichana wangu wa shule. Kabla ya kila wimbo nilivumisha sauti ya kuanzia, midomo imefumbwa, na wasichana wakaidaka, na kwaya ikaidaka kwao. Mzee akainua mkono kana kwamba imetoka kwake. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Nadhani alijua. Sikukuu moja niliumwa malaria, sikwenda, na nilivyosimuliwa, Utukufu ulianzishwa juu kiasi kwamba katikati walibaki watu wawili.

Miaka mingi baadaye, nimestaafu na nina nafasi ya kusoma, ndipo nikajua kwamba kukataliwa kwangu kulikuwa na karatasi. Papa Pius wa Kumi aliandika kwamba waimbaji wa kwaya wana wadhifa wa kiliturujia, na kwa hiyo wanawake hawawezi kuwa sehemu ya kwaya. Tarehe ya waraka: 22 Novemba 1903. Hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Chuoni siku hiyo tulipewa mandazi na kuimba mpaka usiku. Nikasoma pia kwamba zile herufi zetu, ambazo tuliambiwa ni za Mwingereza John Curwen, alizijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, aliyechapisha mpango wake 1835. Nilifunga kitabu nikaenda kupalilia.

Mwaka 1967 mambo yalifunguka kwa mpigo. Februari lilikuja Azimio la Arusha, na Machi Roma ikatoa waraka ulioruhusu wazi kwaya za wanaume na wanawake pamoja. Ngoma ikaingia kanisani kwetu. Wazee wengine walitoka nje siku ile, na siwalaumu, kwa kuwa ujanani walikuwa wameungama dhambi ya kucheza ngoma ya lizombe, leo wanaikuta mbele ya altare. Nami nikasimama mbele, bila kuomba. Shuleni nikawa mtunzi wa nyimbo za Saba Saba na za kupokea wageni, tuni nikiziiba kanisani. Kipindi cha muziki kikazidi kupungua kwenye ratiba. Waliotaka kusomea muziki kwa undani walikwenda Butimba, Mwanza. Mimi nilikuwa na watoto wanne.

La bado ninaamka nayo. Ila imeshuka. Mwaka jana kwenye misa ya jumuiya, pale kwa jirani yangu, nilianzisha wimbo kama kawaida yangu. Kijana anayepiga kinanda cha umeme kanisani alikuwa amekileta. Akaingia, tukagongana vibaya, akasimama.

"Bibi, umeshuka. Karibu nusu sauti."

"Najua, mjukuu wangu."

Wanawake walikuwa wameshaanza beti, wengi wao umri wangu, koo zimetulia pale nilipowaweka. Kijana alinitazama, akawatazama, kisha akainama, akabonyeza kitufe fulani mara moja, ufunguo ukashuka, akaingia nyuma yetu.