Tezi ya Milimita 13

3 Juni
Mzee wa miaka 64, seremala. Tumbo linamkata na kumwachia, suruali zinampwaya. Picha ya sitiskani nimeitazama na mwenzangu wa radiolojia: kwenye mesenteri, utando unaoushikilia utumbo mwembamba, mafuta yameingia ukungu. Ndani ya ukungu huo mishipa ya damu imezungukwa na duara jeusi, yaani mafuta ambayo hayajaguswa. Duara hilo huelekeza kwenye panikulitisi ya mesenteri, yaani mcharuko wa mafuta hayo, ingawa limfoma, saratani ya tezi za limfu, nayo huweza kuvaa sura hiyo. Tezi moja ya limfu humo ina milimita 13. Ingekuwa chini ya 10 nisingehangaika nayo.

4 Juni
Mkubwa wangu anataka prednisoloni, dawa ya kutuliza mcharuko, ianze leo. Nimemwomba tusubiri. Huku kwetu TB ya tumbo hufanana na hii, na dawa hiyo huichochea. Kama ni limfoma, itasinyaa kwa muda na kipimo kisiione. Kinyama cha kupima kwanza. Daktari wa upasuaji atakichukua kwa kamera.

9 Juni, usiku
Utafiti wa Ugiriki wa mwaka 2000: sitiskani 7,620, wenye panikulitisi 49, na kati yao 34 walikuwa na saratani. Inatisha. Lakini wanaopigwa sitiskani ya tumbo ni akina nani? Wengi tayari wana saratani, au wanashukiwa. Ukitega wavu penye kambare, utasema ziwa zima ni kambare. Tafiti za baadaye, zilizowalinganisha wagonjwa wa panikulitisi na watu wa umri na jinsia ileile, hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Kukutwa pamoja si kuzaana.

17 Juni
Majibu: mafuta yaliyokufa, makovu, seli za mcharuko wa muda mrefu. Limfoma haikuonekana, TB hakuna.
“Kwa hiyo si kansa, Dokta?”
“Hatujaiona, mzee wangu. Kinyama ni kidogo, tumbo ni kubwa. Tutaendelea kukufuatilia.”
Sasa prednisoloni inaanza, pamoja na tamoksifeni. Mkewe akaruka: “Hiyo si alipewa shoga yangu kwa kansa ya titi?” Ndiyo hiyo. Hapa tunaitumia kuzuia makovu yasikaze utumbo. Hakuridhika mpaka nilipomwandikia kwenye karatasi, aende nayo duka la dawa. Chini yake nikaongeza: sitiskani Septemba, tezi ipimwe upya.