Nguvumali, ndama asiyemjua babaye

Mgeni akishuka Tanga hukosi kumsikia mwenyeji akimtania: waja leo waondoka leo! Sawa, lakini mwenzangu, ukitaka kuijua Nguvumali usiwe na haraka hiyo. Lala hapo, uamke kabla jua halijapanda, utembee uchochoroni taratibu. Kwanza utasikia adhana, kisha jogoo, halafu, nyuma ya ukuta wa matofali, mlio mrefu wa ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe wa mjini! Tanga ni mji wa maziwa, na ufugaji wa uani ulipata nguvu miaka ya 1980 kwa mradi wa Tanzania na Uholanzi. Miaka ya 1990 ikazaliwa Tanga Fresh, kiwanda ambacho maziwa yake yanajulikana mpaka Dar es Salaam. Ng'ombe hatoki kwenda malishoni. Majani ya tembo, pumba na mashudu anafuatwa navyo hapo hapo bandani.

Sasa swali la kichokozi: kama jike amefungiwa uani peke yake, mimba anaipata wapi?

Dume la kwenye mtungi

Kumlisha fahali mwaka mzima ni gharama, na akizunguka nyumba kwa nyumba huacha magonjwa, ukiwemo ule wa kutupa mimba. Dawa yake ni uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mrija. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha. Huko madume hukingwa mbegu, zikapimwa, zikatiwa kwenye vijirija vyembamba na kugandishwa ndani ya nitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Barafu ya feriji yako ni uji wa moto mbele yake!

Ujuzi huu ulifunguka mwaka 1949, wataalamu wa Uingereza walipogundua kwamba gliserini huzikinga mbegu zisife kwa baridi. Ndiyo maana leo fahali aliyekwisha kufa zamani anaweza kuendelea kupata watoto.

Saa ndiyo mali

Lakini msomaji, usidhani kazi ni ya mtungi peke yake. Kazi kubwa ni ya macho ya mwenye ng'ombe. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halifiki hata siku nzima. Kundini ungewaona wenzake wanampanda naye katulia, basi umejua. Huyu wa uani hana mwenzake wa kumsema. Tena joto la pwani humfanya afiche dalili mchana kutwa, azitoe usiku na alfajiri. Kwa hiyo unatafuta vidogo vidogo: analia bila sababu, maziwa yamepungua, ute mwangavu unaning'inia nyuma.

Katika ua mmoja bwana mifugo aliingia asubuhi na pikipiki yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na barafu yako?”

“Ninayo. Alianza kulia saa ngapi?”

“Alfajiri hii hii.”

“Basi bado. Nitarudi jioni.”

Mama akashika kiuno. “Jioni si atakuwa keshapoa?”

“Ndivyo inavyotakiwa mama. Yai hutoka baada ya joto kwisha.”

Hiyo ndiyo kanuni: akionekana asubuhi apandikizwe jioni, akionekana jioni apandikizwe kesho yake asubuhi. Mrija huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37, si chini ya nusu dakika, na utumike papo hapo.

Ukikosea saa, unasubiri siku 21 nyingine. Tuseme ng'ombe wako hutoa lita 8 kwa siku: umechelewesha lita 168. Kwa mama anayetegemea maziwa kulipia sare na daftari za wanawe, hilo si jambo la kucheka. Na ng'ombe aliyekonda joto halionekani vizuri, kwa hiyo maandalizi yanaanzia kwenye hori. Akishazaa, mpe miezi miwili hivi apumzike. Ukishampandikiza, mwangalie tena siku ya 21. Akitulia, matumaini yapo, na baadaye daktari atahakikisha kwa kupima. Mimba ni miezi tisa, kama yetu.

Farasi ana deko zaidi

Wenye pesa zao ng'ambo hufanya haya kwa farasi. Mwaka 1957 Kanada iliripoti mtoto wa farasi aliyetokana na mbegu zilizogandishwa. Jike wa farasi hukaa kwenye joto siku tano hadi saba, na mbegu zikishayeyushwa maisha yake ni mafupi. Basi daktari humpima kwa mashine mara kwa mara kulivizia yai. Kabla ya hapo kizazi huchunguzwa kama kina maradhi, mkia hufungwa kitambaa, nyuma huoshwa kama bibi harusi! Mimba yake miezi kumi na moja. Na farasi wa mbio wa Thoroughbred haandikishwi kabisa asipozaliwa kwa kupandwa na dume mwenyewe.

Pwani yetu ndorobo na maradhi ya farasi hayakumpa nafasi. Ng'ombe wa maziwa tumeweza kumtunza.

Usitupe mrija

Ila kuna mtego. Dume mmoja wa mtungini anaweza kuwa baba wa ndama wa mtaa mzima. Mtamba wako akikua, bwana mifugo akaja na mrija wa dume yule yule, umemwoza binti kwa babaye! Damu ikirudiana hivyo, uzao hudhoofu na maziwa hupungua.

Kinga yake ni rahisi. Kila mrija umeandikwa jina au namba ya dume. Mwambie bwana mifugo akusomee, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe, ulitunze mahali pakavu. Ndama hamjui babaye, lakini wewe lazima umjue.