Kumvusha Mbwa wa Mwalimu kwenda Juani

Kiegeani ni kijiji cha minazi na mikorosho katika kisiwa cha Mafia, upande wa kuelekea Utende. Ukishuka kutoka hapo hadi Utende unafika pwani, penye lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, nayo ni ya kwanza ya aina yake nchini Tanzania. Mbele yako kuna visiwa vya Chole na Juani, na mashua ndogo za mbao hupita katikati kutwa nzima zikibeba watu, unga, mafuta ya taa, kuku na mbuzi. Mbwa ni abiria wa nadra sana.

Nilikaa Kiegeani majuma mawili pamoja na wenzangu wa kikundi cha kujitolea cha kanisa letu. Mwenyeji wangu alikuwa mama mjane, mwalimu mstaafu kutoka bara. Kijijini wote humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Ana shamba la mikorosho Juani, na msimu wa korosho ukifika huenda kukaa huko majuma kadhaa, peke yake na mbwa wake. Marehemu mumewe ndiye aliyemleta mbwa huyo angali mdogo, ili awafukuze tumbili shambani. Sasa ni mzee, ana uzito unaokaribia mfuko wa saruji, na miguu yake ya nyuma imelegea. Msimu uliotangulia alijaribu kuruka kutoka kwenye mashua mwenyewe. Kina mama, mashua haina breki: mbwa alipojisukuma mbele, chombo kilirudi nyuma, naye akaanguka katikati na kuumia nyonga. Watoto wa Mwalimu wakamwambia amwache Kiegeani. Hakukubali. Usiku wa Juani ni mrefu kwa mwanamke aliye peke yake shambani.

Basi tatizo lilikuwa mbwa kupanda na kushuka. Lakini nilipofuatana naye kwenda kumwona nahodha, nilitambua kwamba kulikuwa na jambo jingine la kuzungumzwa kwanza.

"Shikamoo, nahodha," nikasalimu.

"Marahaba. Mwalimu, karibu. Mimi na mbwa wako hatuna ugomvi," akasema yule mzee. "Ila kwenye mbao hizi wanakaa kina mama na nguo zao za kusalia."

Wenyeji wa Mafia walio wengi ni Waislamu. Kwa mafundisho wanayoyafuata watu wa pwani yetu, mate ya mbwa na mwili wake ukiwa na majimaji ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nimewahi kuwasikia Wakristo wenzangu wakilichukulia jambo hili kwa mzaha. Mimi sioni mzaha wowote. Anayesali mara tano kwa siku, kisha akaketi penye mate ya mbwa wako, umemwongezea kazi ambayo hakuiomba.

Mwalimu alikwisha kujiandaa. Alipendekeza avuke safari ya mwisho ya jioni, baada ya abiria wote kushushwa, na alipe nauli ya chombo kizima. Mbwa angekaa juu ya magunia yake mwenyewe. Udongo wa kuoshea angeubeba yeye, maana pale ufukweni ni mchanga mtupu. Mabaharia wasingemgusa mbwa. Kazi yao ingekuwa kushika chombo kisitikisike. Nahodha alicheka alipousikia ule udongo, akasema, "Basi hapo tumeelewana."

Tulichagua siku ambayo maji yangejaa alasiri. Pwani hii maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kila siku hujaa kwa kuchelewa kadiri ya dakika 50. Yakipwa, mashua hukaa mbali nawe utatembea juu ya mawe makali na matope. Yakijaa, mashua husogea hadi penye maji ya magotini, na ukingo wake hauwi juu sana ya kiuno cha mtu aliyesimama majini. Kimo hicho ndicho kinachofaa.

Kumwinua mbwa mkubwa hakutofautiani sana na kumwinua mgonjwa kitandani. Tulikuwa watatu: Mwalimu ndani ya chombo, mimi na mjukuu wake majini. Tulitandika magunia kwanza, kwa sababu kucha za mbwa huteleza kwenye mbao zilizolowa, na akiteleza huingiwa na hofu. Nilimfunga mdomo kwa kipande cha bendeji, kikapita chini ya taya na kufungwa nyuma ya masikio. Hata mbwa mpole huuma akiguswa penye maumivu. Kisha tukapitisha gunia chini ya tumbo lake, karibu na miguu ya nyuma, liwe kama machela. Mimi nilikumbatia kifua, kijana akashika ncha mbili za gunia. Magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mzigo karibu na mwili, na mtu mmoja tu anahesabu: moja, mbili, tatu. Miguu ya mbele ikatua ukingoni, Mwalimu akamwita kwa jina, sisi tukapandisha ya nyuma. Hakuna aliyemvuta shingo. Kamba ya shingoni ni ya kumwongoza tu, na akining'inia kwayo atakabwa.

Alipolala chini katikati ya chombo, bendeji niliifungua mara moja. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema kinywa wazi, na akianguka majini huku amefungwa mdomo atakufa. Kwa sababu hiyo hiyo hatukumfunga kwenye mashua. Mwalimu alishika kamba mkononi, akamnywesha maji ya kisima kidogo kidogo ili asitamani ya bahari, ambayo humtapisha na kumharisha.

Kushuka Juani kulikuwa kugumu zaidi, kwani mbwa aliona nchi kavu akataka kuruka. Mwalimu alimkandamiza mabegani hadi mabaharia wawili waliposhuka na kuishika mashua pande zote mbili. Tukarudia yale yale kwa kinyume, miguu ya nyuma ikitangulia, hadi alipokanyaga mchanga chini ya maji ndipo tukamwachia.

Sasa niseme kama muuguzi. Mbwa anayevuka bahari huweza kuvuka na kichaa cha mbwa. Wenzetu wa Pemba waliyaona. Kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, ugonjwa ulitoweka huko Mei 2014. Chanjo zikalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena, mara mbili. Ilibidi uchanjaji urudiwe, na ugonjwa ulikomeshwa Oktoba 2018. Kisiwa kina bahari ya kukilinda, lakini mashua moja yatosha kuuleta. Karibu watu wote wapatao ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa ni nadra mno kupona. Mtoto wako akiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, usitie majani wala mafuta, na umkimbize hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Kabla ya kukubali kumwinua mbwa yule niliomba karatasi ya chanjo. Mwalimu aliitoa ndani ya mfuko wa nailoni alimotia pia dawa zake za shinikizo la damu. Tarehe ilikuwa ya mwaka huo huo.

Tulipokuwa tukipandisha mizigo, nahodha alikuwa ameinama ndani ya mashua na ndoo yake, akihesabu kwa sauti. Alipofika mara ya saba alinyoosha mgongo, akamwita Mwalimu. "Siku ya kurudi nitumie salamu siku mbili kabla, nitazame maji. Na udongo usisahau, huu umekwisha."