Ng'ombe wa Angani Akila Shamba, Nani Hulipa?

Mimi ni karani wa Serikali. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipiga mihuri, kuzitia katika majalada, na kuzitafuta tena zinapotakiwa. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba nina elimu ya nyota. Sayansi niliyo nayo ni ile niliyofundishwa na mwalimu wetu katika shule ya misheni, ambaye alikuwa na tufe la dunia la karatasi lililobonyea upande wa Bahari ya Pasifiki. Nasi kwa muda mrefu tuliamini ya kuwa bahari hiyo ni shimo.

Hata hivyo, nyumbani kwetu Makueni mimi ndiye mtaalamu. Kila niendapo huko mwisho wa mwezi, mama hunipa uji, na baba hunivutia kigoda na kuniuliza, “Haya karani, wenye akili wamefanya nini tena?” Nami humpa habari za sayansi nilizosoma, kwa sauti ile ile anayoitumia mkubwa wangu wa kazi anaponisomea makosa yangu.

Mwezi wa Aprili 2023 nilikwenda na habari kubwa. Tarehe 15 ya mwezi huo setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka Vandenberg, California, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Nilimweleza baba kwamba ni chombo kidogo, hakizidi mkate, lakini kimetiwa jicho la kupiga picha za nchi, ili zitumike katika mambo ya kilimo na chakula. Baba akafikiri kidogo, akauliza kama chombo hicho kingeweza kumwona mbuzi wake mweusi aliyepotea tangu Februari.

“Hapana, baba,” nikasema. “Hakioni kitu kidogo kama mbuzi.”

“Basi kinaona nini?”

“Kinaona, mathalan, mashamba yanayokauka.”

“Hayo nami nayaona,” akasema, “tena bila kupanda juu.”

Nilicheka sana siku ile, na Jumatatu niliwasimulia makarani wenzangu, nao wakacheka. Nasikitika kusema kwamba nilizoea kumsimulia baba yangu ofisini kama kichekesho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tarehe 30 Desemba 2024 nilikuwa likizoni nyumbani. Yapata saa tisa alasiri, katika kijiji cha Mukuku, humu humu Makueni, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani. Upana wake ulikuwa kama meta 2.5, na uzito wake karibu kilo 500. Kwa neema ya Mungu haikumwangukia mtu. Sisi tuko mbali na Mukuku, lakini siku hizi habari hazitembei kwa miguu. Kabla ya jua kuchwa kila simu katika kijiji chetu ilikuwa na picha ya pete hiyo, na kila mwenye simu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni bomu. Mwingine alisema ni kipande cha ndege. Jirani yetu mmoja, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema kwa utulivu kabisa kwamba lile gari la moto la Nabii Eliya limepoteza gurudumu. Mama yangu hakubishana na mtu. Alitazama mabati ya nyumba yetu, halafu akahamishia kitanda chake ukutani, kana kwamba chuma cha kilo 500 kitapenda kuanguka katikati ya chumba.

Siku ya mwaka mpya Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa. Lilisema kwamba uchunguzi wa kwanza ulionyesha kuwa kitu hicho ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya namna hiyo kwa kawaida hutengenezwa ili viungue vinaporudi katika hewa ya dunia, au viangukie mahali pasipokaa watu, kama vile baharini.

Basi, msomaji, hapo ndipo nilipopata siku yangu. Majirani walijaa uani kwetu, nami nikasimama nikawahutubia. Nikawaambia kwamba roketi si kitu kimoja bali ni vipande vilivyopandana, na kwamba kila kipande kikiisha kazi yake huachwa, kama vile mtu anayepanda mlima na mizigo mitatu akiitupa mmoja mmoja. Pete ndiyo inayoshika kipande kwa kipande, mfano wa ile pete ya chuma inayoshika mpini wa kisu. Nikaeleza kwamba vitu vinavyoizunguka dunia karibu karibu huenda mwendo wa kilometa 28,000 kwa saa, na kwamba kitu cha mwendo huo kikiingia katika hewa, hewa iliyo mbele yake hubanwa hata ikapata moto mkali mno, na kitu hicho huungua. Vidogo huisha kabisa. Vikubwa, mara nyingine, hubakiza mifupa. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee wa kanisa peke yake ndiye aliyebaki na Eliya wake.

Ndipo baba akauliza kutoka kwenye kigoda chake, “Na hiyo pete ni ya nani?”

Nikasema taarifa haikumtaja mwenyewe.

“Lakini anaye mwenyewe?”

Nikacheka. Nikasema mbele ya watu wote, “Baba, haya ni mambo ya anga. Huko hakuna mipaka wala mashamba. Huwezi kuuliza kama mtu anayetafuta mwenye ng'ombe.”

Watu wakacheka pamoja nami. Baba hakucheka. Alisema polepole, “Ng'ombe akiingia katika shamba la mtu akala mahindi, wazee hawamwulizi ng'ombe alifuata njia gani. Wanauliza ni wa nani, kisha mwenyewe analipa.” Akainuka, akaenda kufunga ndama, ingawa jua lilikuwa bado juu na ndama hawakuwa na haraka ya kufungwa.

Usiku ule mama aliniambia neno moja tu: “Umemcheka baba yako mbele ya watu.” Nilirudi kazini na neno hilo kama mchanga katika kiatu.

Sasa, karani ana ugonjwa wake: akisikia jambo, hulitafutia jalada. Jioni moja nikaanza kusoma habari za sheria za anga, nikiwa na nia mbaya kidogo ya kuthibitisha kwamba nilisema kweli. Nikakuta ya kwamba katika mwaka wa 1972 mataifa yaliandikiana mapatano juu ya hasara inayoletwa na vyombo vya angani. Mapatano hayo yanasema kwamba chombo kikisababisha hasara juu ya ardhi, nchi iliyokirusha italipa, hata kama haikufanya kosa wala uzembe wowote. Haiulizwi chombo kilifuata njia gani. Inaulizwa ni cha nani. Nilisoma kifungu hicho mara tatu, na kila mara kilisema vile vile alivyosema mtu mmoja aliyekwenda kufunga ndama.

Wala si maneno matupu. Mnamo Januari 1978 setilaiti ya Urusi ya wakati ule, Cosmos 954, iliyokuwa na tanuri la nyuklia ndani yake, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kutawanya sumu yake juu ya theluji. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za nchi hiyo kwa gharama za kusafisha, na mwaka 1981 Warusi wakakubali kulipa milioni 3. Mwaka uliofuata ule wa Cosmos, yaani Julai 1979, Skylab, nyumba ya angani ya Wamarekani, ilirudi vipande vipande, na vingine vikaanguka Australia upande wa magharibi. Baraza la mji wa Esperance likawatoza Wamarekani faini ya dola 400 kwa kutupa takataka ovyo. Ilikuwa mzaha, lakini faini ni faini. Haikulipwa mpaka mwaka 2009, tena na mtangazaji wa redio wa Marekani aliyechangisha fedha kwa wasikilizaji wake. Miaka 30! Nilimwonyesha mkubwa wangu habari hiyo siku aliponilaumu kwa barua iliyochelewa wiki mbili. Haikunisaidia.

Mwisho wa mwezi nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda nyumbani. Nikangoja majirani wale wale wafike, kwa maana aibu niliyomtia baba niliitia hadharani, na ilinipasa kuiondoa hadharani. Nikasema, “Baba, ulisema kweli. Mataifa yameandika sheria, na sheria yenyewe ni ile ya ng'ombe.” Nikamsomea.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza, “Waliandika lini?”

“Mwaka wa 1972.”

“Walichelewa kidogo,” akasema, na majirani wakacheka. Safari hii wakinicheka mimi, na nilistahili.

Halafu akatuambia jambo ambalo katika maisha yangu yote sijalisikia. Mwezi wa Desemba 1970 alikuwa kijana, akifanya kibarua huko Malindi, na Waitaliano walikuwa na jukwaa lao baharini karibu na Ngomeni. Siku ya sikukuu ya uhuru aliona kwa macho yake mwali wa moto ukipanda kutoka upande huo wa bahari. Nilijua habari hiyo vitabuni: ni setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Lakini sikujua kwamba nimekaa miaka yote hii nikimfundisha habari za roketi mtu aliyeiona roketi ikiruka kabla sijazaliwa.

“Ile ilikwenda wapi?” akauliza.

“Ilirudi ikaungua mwaka wa 1979, baba.”

“Na kama ingeangukia watu, ni nani angelipa? Wamarekani wenye chombo, Waitaliano wenye jukwaa, au sisi wenye bahari?”

Nikafungua karatasi zangu. Mapatano yanasema kwamba mrushaji ni pamoja na nchi iliyoagiza kurusha, na nchi ambayo ardhi yake au mitambo yake ilitumika. Nikatazama karatasi, nikatazama miguu yangu.

“Labda wote, baba.”

“Haya. Na ng'ombe wetu huwa na alama. Vyuma vyao je?”

Nikamwambia kwamba kuna mapatano mengine ya mwaka 1975, ya kuandikisha vyombo katika daftari la Umoja wa Mataifa. Lakini alama juu ya kila kipande hailazimishwi. Tena anayedai hawezi kwenda mwenyewe. Ni Serikali yake ndiyo inayodai kwa Serikali nyingine, nayo ina mwaka mmoja tu tangu siku ya hasara, au tangu mwenye chombo atambulikane.

“Basi daftari wanalo,” akasema, “na pete ikianguka, bado tunaulizana ni ya nani. Hapo ndipo penye kazi, karani. Wewe si ndiye mtu wa madaftari?”

Wasomaji wenzangu, sisi tuliosoma kidogo tunapopata habari za sayansi aghalabu huuliza kitu hiki chaendaje, na tukijibiwa huridhika, kisha huwacheka wasiojua. Mimi nimejifunza kuuliza na lile la pili: ni cha nani, na kikiharibika ni nani atakayelipa? Kwa swali hilo huhitaji kujua habari za mwendo wala moto wa hewa. Yatosha kuwa umewahi kuliwa mahindi yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima, lakini kigoda cha mtaalamu sikalii tena. Hukaa baba, nami hushika kalamu.

Mama bado hajarudisha kitanda katikati ya chumba.